Wiki tano kabla ya mtihani wa GCFE, jaribio la kwanza limenigaragaza. Nimekosea wapi?

Mpekuzi_Mpya

Wakuu, heshima kwenu.

Niende kwenye mada. Nina mwaka wa sita kwenye kazi ya kuhudumia kompyuta za watu: kubadilisha diski, kufufua Windows, kurudisha nywila zilizosahaulika. Nataka kuhamia kwenye uchunguzi wa kidijitali, nikajisajili GCFE, ule mtihani wa GIAC (taasisi ya vyeti vya usalama wa kompyuta) uliojikita kwenye Windows. Ni maswali 82 kwa masaa matatu. Unaingia na vitabu na makaratasi yako, intaneti hakuna.

Niliposikia vitabu vinaruhusiwa nikajua nimepona. Nikatengeneza faharasa ya kurasa 94, rangi nne, vibandiko pembeni kama mkia wa tausi. Jana nimefanya jaribio la kwanza: asilimia 58. Na muda umeisha nikiwa swali la 67, yaani maswali 15 sikuyaona hata sura.

Kinachoniuma ni kwamba maneno yote nayafahamu. Nitajie Prefetch (kumbukumbu ya Windows ya programu zilizoendeshwa), nakwambia iko ukurasa gani. Ila swali haliulizi Prefetch ni nini. Linakuambia mtu anakana kuendesha programu fulani, na programu yenyewe imeshafutwa, je, kipi kati ya hivi vinne kinampinga? Hapo naanza kupekua kurasa kama kuku jalalani.

Niahirishe? Niongeze faharasa? Waliopita njia hii naomba mwongozo. Hata matusi napokea, ilimradi yawe na ushauri ndani.

Jembe_Butu

Faharasa ya kurasa 94! Mkuu, hiyo nayo inahitaji faharasa yake. Pole sana. Naweka kambi hapa nijifunze.

BintiHeksa

Pole kaka. Usiahirishe kwanza.

Piga hesabu. Dakika 180 ukizigawa kwa maswali 82 unapata dakika mbili na sekunde kumi na moja kila swali. Ukifungua kitabu kwa kila swali hutoboi, hata uwe na vidole vya mcheza karata. Vitabu ni vya kuhakikishia pale unapokuwa kati ya A na C. Ukiingia navyo ili ukasomee humo ndani, ndiyo yanakupata ya jana.

Faharasa yako nadhani ina neno na ukurasa basi. Ongeza safu ya tatu: sentensi moja ya maneno yako mwenyewe inayosema kitu hicho kinathibitisha nini na kinaishia wapi. Yangu ilikuwa hivi:

Prefetch: programu iliendeshwa kwenye mashine hii, mara ngapi, na kuanzia Windows 8 inatunza nyakati nane za mwisho. Faili lake hubaki hata programu ikifutwa. Haisemi ni nani.

UserAssist: orodha ya programu alizofungua mtumiaji. Imo kwenye NTUSER.DAT (faili la kila mtumiaji la rejista, ile hazina ya mipangilio ya Windows), kwa hiyo inakupa akaunti. Majina yamezungushwa kwa ROT13 (kila herufi imesogezwa nafasi 13), Notepad.exe utaikuta imeandikwa Abgrcnq.rkr. Usishtuke.

Faili la LNK (njia ya mkato ya Windows): faili fulani lilifunguliwa, lilikuwa njia gani, kwenye diski yenye namba gani. Lenyewe hubaki hata flashi ikiwa imeshachomolewa na kutupwa mtoni.

Sasa rudi kwenye swali lako la anayekana. Umeona lilivyojijibu? Prefetch inasema iliendeshwa, UserAssist inasema kwa akaunti ipi. Ukiandika sentensi hizo kwa mkono wako, hizo kurasa 94 zitashuka zenyewe hadi ishirini na kitu.

La pili ndilo kubwa. Miaka sita umekuwa unafuta athari ili mashine ifanye kazi, hujawahi kukaa kuzitazama. Tafuta laptop kuukuu, iwe na diski ya kuzunguka, SSD hapana, kwa sababu ile TRIM itakusafishia vilivyofutwa kabla hujavifikia. Weka Windows upya. Chukua daftari la karatasi. Kwa siku mbili ishi kwenye hiyo laptop na kila unachofanya kiandike na saa yake: nimechomeka flashi, nimefungua picha, nimebadili jina la faili, nimefuta moja kwa kawaida na jingine kwa Shift+Delete, nimekosea nywila makusudi mara tatu.

Kisha daftari lifungie kabatini wiki nzima mpaka usahau. Halafu toa diski, ipitishe kwenye kifaa cha kuzuia kuandika, chukua nakala biti kwa biti kwa FTK Imager, linganisha hashi (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data kuthibitisha haijabadilika), na uanze kujichunguza kama humjui huyo mtu. Programu ya uchunguzi ya Autopsy ni ya bure, zana za Eric Zimmerman ni za bure. Ukimaliza ndipo ufungue kabati.

Mjanja_Kimya

Mbona mnajitesa? Kuna makundi yanauza maswali yaliyovuja. Unakariri siku tatu, unaingia, unatoka na cheti. Anayetaka aje faragha.

Wakili_wa_Zamu

Mjanja, acha kumpotosha mwenzio. Nimewahi kukaa upande wa pili wa hivyo vyeti, yaani upande wa kumhoji shahidi. Sijui kusoma heksa (data ghafi kwa namba za msingi wa 16), lakini najua kuuliza "kwa nini" mara tatu mfululizo.

Kuna mtaalamu mmoja aliulizwa swali jepesi kabisa: faili hili limeundwa tarehe 14 lakini limebadilishwa mara ya mwisho tarehe 9. Inawezekanaje mtoto aote meno kabla ya kuzaliwa? Akasema ni dalili ya mtu kuchezea saa ya kompyuta. Mtaalamu wa upande wetu alikuwa ameniandikia jibu kwenye kikaratasi: faili likinakiliwa kwenda diski nyingine, nakala hupata tarehe mpya ya kuundwa ila hubaki na tarehe ya zamani ya kubadilishwa. Hakuna uchawi. Alikuwa na cheti ukutani, na ushahidi wake wote uliobaki ukanuka kuanzia hapo.

Halafu GIAC wakikunasa na maswali ya wizi wanakunyang'anya cheti. Utaeleza nini kwa mwajiri?

Mjanja_Kimya

Sawa mheshimiwa, nimetulia.

KobeMkongwe

Naongezea machache, wengine wataniona wa kizamani.

Jifunze kuhesabu kwa mkono. Faili la baiti 5,000 kwenye klasta (mafungu ya nafasi ambayo diski hugawia mafaili) za baiti 4,096. Linakula klasta mbili, 8,192. Nafasi iliyobaki ni 3,192, na humo ndimo masalia ya faili lililotangulia huweza kuwa yamejificha. Ila angalia vizuri: sekta, kipande kidogo ndani ya klasta, ni baiti 512, faili linaishia ndani ya sekta ya kumi, kwa hiyo baiti 120 za kwanza ni za kumalizia sekta hiyo, na mfumo huzijaza wakati wa kuandika. Masalia ya zamani uyatafute kwenye zile sekta sita za mwisho, baiti 3,072. Fanya mara tano kwa namba tofauti, hutasahau tena.

Kariri pia sura za mafaili. JPEG huanza na FF D8 FF, ZIP na 50 4B 03 04, PDF na 25 50 44 46. Na kumbuka hati za Word za DOCX ni ZIP iliyovaa koti, zina 50 4B vilevile. Swali la "mtu amebadili jina picha.jpg kuwa ripoti.docx" haliishi.

La mwisho ni mpangilio wa kukusanya. RFC 3227, mwongozo wa kukusanya ushahidi wa kidijitali wa mwaka 2002, ni kurasa chache tu, isome yote: kinachopotea haraka kinachukuliwa kwanza. Rejesta na akiba ya prosesa, kisha RAM na orodha ya programu zinazoendeshwa, kisha mafaili ya muda, ndipo diski. Ukikuta mashine inawaka na diski imefungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), usikimbilie kuchomoa waya. Funguo ziko kwenye RAM, ukizima umejifungia nje.

BintiHeksa

Mzee Kobe nakuheshimu, ila wiki tano ni chache. GCFE ni Windows na mtumiaji wake: rejista, LNK, historia ya vivinjari, kumbukumbu za matukio. Hesabu za klasta asizifanye zikala wiki nzima. Jioni moja inatosha.

KobeMkongwe

Jioni moja nakubali. Mbili zingekuwa bora.

Nuru_ya_Saba

Samahani kuingilia. Mimi naanza sifuri kabisa, hii au CHFI?

KobeMkongwe

Inategemea unaitaka ya nini. CHFI ya EC-Council ni maswali 150 ya kuchagua kwa masaa manne, inagusa kila kitu juu juu: mitandao, simu, barua pepe, hata sheria. CFCE ya IACIS (chama cha wachunguzi wa kompyuta) inakuanzisha na kazi za vitendo chini ya msimamizi anayesoma ripoti zako na kuzirudisha zikiwa na wino. Kama unavumilia kurudishiwa kazi, ya pili inakomaza. Ila kabla ya kulipia chochote, shusha ile kesi ya laptop ya Dell iliyotelekezwa kwenye CFReDS, hazina ya kesi za mazoezi ya NIST (taasisi ya viwango ya Marekani). Ni bure. Ikikuchosha ndani ya saa moja, fani hii si yako, na umejiokolea fedha.

Mpekuzi_Mpya

Wakuu, nimerudi. Wiki nne kasoro siku moja zimepita. Nina mengi.

Faharasa sasa ni kurasa 23. Kuandika zile sentensi kumenitoa jasho kuliko kusoma kwenyewe, kwa sababu kila nikifika "kinaishia wapi" nagundua sijui.

Laptop nilipata, na daftari nililifungia kwa siku nane. Nilianza na flashi. Faili la setupapi.dev.log likaniambia ilichomekwa mara ya kwanza Jumamosi saa 20:15. Rejista, chini ya USBSTOR (orodha ya vifaa vya USB), ikaniambia 17:15. Nikasema nimewapata, kuna flashi mbili! Namba ya utambulisho ni ileile. Nikakaa nayo usiku mzima. Nilipofungua daftari nikakuta nimeandika kwa mwandiko wangu mwenyewe "saa 2:15 usiku". Nyakati tatu tofauti kwa tendo moja, na zote ni za kweli! Lile faili linaandika kwa saa ya mashine, rejista inatunza UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na mimi nahesabu kama nilivyofundishwa na mama. Tangu siku hiyo kila tarehe ninayoiandika naiwekea pembeni ni ya saa gani.

Faili nililofuta kawaida nimelipata likiwa zima kwenye Recycle Bin. Lile la $I lilikuwa na njia yake ya awali na dakika niliyofuta, la $R ndilo lenye maudhui. La Shift+Delete halikuwa humo, lakini kwenye $MFT (orodha kuu ya mafaili ya diski) rekodi yake ilikuwa bado ipo, imewekewa tu alama kwamba haitumiki. Na kwa kuwa lilikuwa kijifaili cha mistari minne, maandishi yake yalikuwa ndani ya rekodi yenyewe. Nilisoma neno kwa neno nilichokuwa nimefuta. Nilisimama nikazunguka chumba.

Zile nywila tatu nilizokosea nazo zipo, tukio namba 4625 (kuingia kumeshindikana) mara tatu, kisha 4624 (kumefaulu).

Jaribio la pili: asilimia 81, na nimemaliza dakika 14 kabla ya muda. Mtihani ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Kuna kitu kimoja tu kimegoma. Flashi ileile inaonekana ilichomekwa mara ya mwisho Jumapili jioni. Daftarini hakuna. Kuna na LNK ya hati moja kutoka kwenye flashi hiyo, inaitwa "insha ya mwisho kabisa 2". Mimi sina insha. Nadhani ni mdogo wangu aliingia chumbani nikiwa nimetoka.

BintiHeksa

Hongera kaka! Sasa hiyo ndiyo kesi ya kweli, iandikie ripoti ya ukurasa mmoja. Andika flashi gani, akaunti gani, faili gani, saa gani kwa UTC. Jina la mdogo wako lisitokee popote. Rejista imekuonyesha akaunti iliyotumika, na akaunti ni yako. Vidole vilivyokuwa kwenye kibodi haikuvionyesha.

Wakili_wa_Zamu

Huyo dada akihitaji kazi anitafute.

Mpekuzi_Mpya

Nimemuuliza mdogo wangu. Amekana. Anasema akaunti ni yangu, nijieleze mwenyewe.