Kuhamia Lewiston, Maine: mjini kati, mto na mahali pa kulima

NaimaWaTexas
Hamjambo wote. Tunahamia Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, mwezi wa tano, watu wazima wawili na watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu. Tumeonyeshwa nyumba ya ghorofa ya tatu karibu na Kennedy Park, jengo la mbao la zamani. Huku tunaambiwa mji ule ulikufa viwanda vilipofungwa, kwamba mjini kati hakuna kitu na mto ni mchafu. Anayepajua vizuri anieleze: nyumba za pale zinafaa kwa watoto? Mto unavulika? Na je, mahindi yanaota kwenye baridi ile? Natanguliza shukrani.

Lisbon_Street
Karibu sana dada Naima. Aliyekwambia mji umekufa anazungumzia Lewiston ya miaka ya tisini. Viwanda vya nguo ndivyo vilivyoujenga mji huu: mifereji ilichimbwa kwenye miaka ya 1850 kuyachukua maji ya mto Androscoggin juu ya maporomoko ili yazungushe mitambo, kisha reli ikaleta maelfu ya Wakanada wa Quebec kuja kufuma. Kazi ya nguo ilipohamia kusini mwa nchi na ng'ambo, maduka ya Lisbon Street, mjini kati, yakabaki na vioo vitupu. Kuanzia mwaka 2001 wakaja Wasomali, wakafuatwa na Wabantu wa Somalia, kisha watu wa Kongo, Angola, Rwanda na Burundi. Waliozifungua tena nyingi ya fremu zile ni wao, kwa mtaji mdogo: duka la nyama ya halali, vitenge, sambusa, ofisi ya kutuma pesa.

Na viwanda vyenyewe havikuachwa vianguke. Bates Mill sasa ina ofisi, mikahawa na nyumba za kuishi. Ukifika, lisogelee jengo la Bates Mill namba 5, lenye paa la meno ya msumeno. Lilichorwa na Albert Kahn, yule msanifu wa viwanda vya magari vya Detroit, likakamilika karibu na mwaka 1914. Kila jino la paa lina kioo upande mmoja, ili mwanga wa mchana umfikie mfumaji bila jua kali. Jiji lilikaribia kulibomoa, wananchi wakakataa. Huo ndio mji unaoambiwa umekufa!

Mtaa unaoutaja unaitwa Tree Streets kwa sababu barabara zake zina majina ya miti: Birch, Pine, Walnut, Spruce na wenzake. Mwaka 2021 ulipata dola milioni 30 za serikali kuu, kupitia wizara ya nyumba, HUD, kwa ajili ya nyumba mpya. Kwa hiyo usishangae kukuta ujenzi.

Jambo moja la lugha litakupendeza. Miongoni mwa Wabantu wa Somalia wapo wanaosema Kizigua mpaka leo, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka upande wa Handeni na Korogwe, wakaishia bonde la Juba. Mtu wa Tanga akikaa nao kidogo wanaelewana.

fundi_madirisha
Dada, maporomoko yatakusubiri. Anza na rangi ya nyumba, kwa sababu una mtoto wa mwaka na nusu.

Rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto, ilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978. Majengo mengi ya Tree Streets yana miaka mia na zaidi, kwa hiyo hesabu kwamba risasi imo mpaka upimaji uonyeshe vinginevyo. Watu huogopa ukuta unaobambuka, na kweli ni hatari, lakini mbaya zaidi ni dirisha. Madirisha ya pale hupandishwa na kushushwa. Mbao inasuguana na mbao, rangi inasagika ikawa vumbi laini linalotua kwenye kizingiti, palepale mtoto anaposhika akitazama nje. Mkono unaingia mdomoni, basi.

Kabla ya kutia saini, omba fomu ya maelezo ya risasi. Sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 akueleze anachokijua na akupe kijitabu. Muulize kama ana ripoti ya upimaji. Kisha fungua kila dirisha mwenyewe. Likiwa jipya la plastiki, vizuri, ila angalia na fremu ya nje na baraza la nyuma, maana baraza za mbao husahaulika wakati wa ukarabati.

Mkishaingia, usifagie makavu vizingiti wala sakafu ya karibu na dirisha, vumbi litapaa tu. Futa kwa karatasi iliyolowa maji na sabuni, itupe, chukua nyingine. Mashine ya kufyonza vumbi iwe na kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi laini sana, la sivyo inalirusha vumbi lilelile upande wa pili. Viatu vibaki mlangoni. Mwenye nyumba akimleta mtu kukwangua au kupiga msasa rangi ya zamani bila kuzungushia plastiki, zuia kazi isiendelee na upige simu ofisi ya jiji inayosimamia majengo. Sheria ya Maine inataka mtoto apimwe damu akiwa na mwaka mmoja na tena miwili. Wako akapimwe mara mkifika, msingoje.

Uliza pia kama joto limo ndani ya kodi. Kama halimo, gharama ya mafuta ya kupasha nyumba inaweza kukuelemea kuanzia Novemba. Mwenye nyumba anayetoa joto anatakiwa aweze kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit. Na muulize gari litalala wapi jiji likikataza kuegesha barabarani usiku wa theluji, maana litavutwa.

MtoAndroscoggin
Fundi kasema kweli, na hiyo risasi ina historia na mto. Miaka ya 1940 viwanda vya karatasi vya juu ya mto vilimwaga taka kiasi kwamba oksijeni iliisha majini, gesi ya yai bovu ikapanda mjini, na rangi ya risasi kwenye nyumba ikageuka nyeusi. Profesa wa kemia wa chuo cha Bates, Walter Lawrance, alipewa kazi ya kuusimamia mto, akawa anamimina nitrati ya sodiamu kwenye bwawa la Gulf Island kupunguza harufu. Seneta Edmund Muskie, aliyesukuma sheria ya maji safi ya 1972, alizaliwa Rumford, kwenye mto huuhuu. Leo wanapita tai na watu wa mitumbwi. Mchafu ulikuwa, na waliousafisha ni watu waliokataa kuuzoea.

Matembezi mazuri: anzia Simard-Payne Park, vuka daraja la zamani la reli (sasa ni la waenda kwa miguu) kuingia Auburn, mji wa ng'ambo ya mto, fuata njia ya mtoni kupitia Bonney Park, kisha rudi Lewiston kwa daraja la Longley. Hapo maporomoko yako mbele yako. Nenda Aprili au mapema Mei theluji ikiyeyuka, unasikia mngurumo kabla hujaona maji. Ukienda Agosti huenda ukakuta miamba mitupu, kwa sababu maji yakipungua huelekezwa kwenye mtambo wa umeme.

Kuvua ruksa, leseni ni kuanzia miaka 16. Kula ni habari nyingine. Kwa sababu ya zebaki, Maine inawashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 8 wasile samaki wa mito na maziwa yake, isipokuwa aina mbili, brook trout na landlocked salmon, mara moja kwa mwezi. Androscoggin una onyo kali zaidi hata kwa watu wazima.

Lake Auburn usiogelee. Ndiyo maji ya kunywa ya miji yote miwili, na ni safi kiasi kwamba yameruhusiwa kutumika bila mtambo wa kuchuja. Tunaona fahari na tunayalinda. Kuogelea, nendeni Range Pond State Park, kwenye mji wa Poland hapahapa Maine, kuna mchanga mzuri. Msituni, nendeni Thorncrag, palepale mjini, inayotunzwa na Stanton Bird Club tangu miaka ya 1920.

NaimaWaTexas
Asanteni mno, fomu naiomba kesho. Huko msituni kupe wapo?

MtoAndroscoggin
Wapo, kila joto likizidi nyuzi 4 za Selsiasi. Wachanga wa Mei mpaka Julai ni kama punje ya mchicha. Suruali iingie ndani ya soksi, tembeeni katikati ya njia. Mkirudi, nguo zikiwa kavu ziingie kwenye mashine ya kukaushia dakika 10 kwa joto kali. Kuzifua kwa maji ya baridi au vuguvugu hakuui kupe. Kagua nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kupe mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma. Alama nyekundu ikitanuka au homa ikija, hospitali.

ShambaLaMahindi
Mahindi yanaota, dada, tena ya ugali. Wabantu wa Somalia wanalima mahindi magumu ya muda mfupi kwenye shamba lao, Liberation Farms, na unga wake ni mtamu. Usije na mbegu ya nyumbani ya miezi sita: jalidi ya mwisho hufika mpaka mwishoni mwa Mei, na ya kwanza hurudi mwishoni mwa Septemba. Tafuta mbegu ya siku 90 hadi 110. Panda udongo ukifika nyuzi 15 za Selsiasi, mistari mifupi minne au zaidi iliyo pamoja, sentimita 25 kati ya mche na mche. Mstari mmoja mrefu unaleta magunzi yenye mapengo kwa sababu chavua hubebwa na upepo. Funika kwa wavu mpaka miche ifike sentimita 15, kunguru wanaing'oa. Mchicha mwaga Juni, baada ya wiki nne unachuma.

Uani kwa nyumba ya zamani usipande chini kabla ya kupeleka udongo maabara ya Chuo Kikuu cha Maine, Orono, wanaangalia na risasi. Kama ni nyingi, tengeneza sanduku la mbao mpya la kina cha sentimita 30, tandika kitambaa chini, jaza udongo wa kununua, na liwe mbali na ukuta, maana rangi iliyobambuka imedondoka hapo kwa miaka yote.