Tupeane uzoefu: Kazi gani uliijua kupitia filamu, katuni au redio, ukaja kukutana na ya asili ukakuta si uliyoijua?

Kalamu Butu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Nianze mimi kabla sijawaomba ninyi. Shuleni tulikuwa na mwenzetu mrefu kupita kiasi, mabega mapana, mwendo wa taratibu, na mtu wa maneno machache. Nikampachika jina la Frankenstein. Likamganda. Mpaka tunamaliza shule hata walimu wawili watatu walikuwa wanamwita hivyo. Kitabu chenyewe sikuwa nimekiona hata jalada. Nilichokuwa nacho kichwani ni lile jitu la kwenye filamu: kichwa bapa, vyuma viwili shingoni, linanguruma tu.

Miaka mingi baadaye riwaya ikaniangukia mkononi, ya Mary Shelley, iliyotoka 1818. Kwanza, Frankenstein ni jina la kijana aliyeliunda hilo jitu. Jitu lenyewe halina jina kabisa. Hilo wengi mnalijua. Lililonikalisha kitako ni la pili: lile jitu linaongea, tena kwa ufasaha kuliko mimi. Linajificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya familia maskini, linachungulia kwenye ufa, na kwa kuwasikiliza tu linajifunza lugha. Linaokota mkoba wenye vitabu, linamsoma mshairi Milton, linamsoma Plutarch, mwandishi wa kale. Halafu linamfuata aliyeliumba na kumdai maelezo: kwa nini uliniumba ukanitelekeza? Unafika katikati ya kitabu uko upande wake.

Kumbe kule kunguruma kumetoka kwenye filamu ya 1931, aliyocheza Boris Karloff. Na ile rangi ya kijani tunayoichora sote? Filamu ni nyeusi na nyeupe, jamani.

Nikamkumbuka yule mwenzetu. Alikuwa anakaa dirishani na kitabu wakati sisi tunarushiana chaki. Nilimpa jina lisilo lake, na hilo jina hata halikuwa la yule niliyemdhania.

Zamu yenu. Sitafuti mtu wa kuniambia "kitabu ni kizuri kuliko filamu", hiyo tumeisikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka siku ile yenyewe ulipogundua. Filamu, katuni, jukwaa, redio, tafsiri, vyote vimo.

Mama Pacha

Yangu ni ya aibu kidogo. Binti yangu ana miaka 6, ile katuni ya nguva ameitazama mpaka nyimbo zote anazo. Nikapata kitabu cha hadithi za Hans Christian Andersen, nikasema leo kabla ya kulala tunasoma ya asili. Sikuipitia kwanza. Hapo ndipo nilipokosea.

Tulianza vizuri, bahari, jumba la mfalme, mabinti na bibi yao. Tukafika mchawi anamkata ulimi. Nikashusha sauti, nikaruka mstari. Ikaja miguu: kila hatua anayopiga ni kama anakanyaga visu. Mtoto kimya, kashika pindo la shuka. Mwana wa mfalme anaoa mwanamke mwingine. Dada zake wanaibuka majini vichwa vimenyolewa, nywele wamempa mchawi ili awape kisu. Amchome yule bwana ndipo arudi kuwa nguva. Anakitupa kisu, anajirusha baharini, mwili unayeyuka kuwa povu.

Binti yangu akanyoosha mkono, akarudisha kurasa mbili nyuma, akaniangalia. "Mama, umeruka. Harusi yake iko wapi?"

Nikamwambia hivi ndivyo mzee alivyoiandika mwaka 1837. Akanijibu, "Basi mzee alikosea."

Hapo nikaishiwa. Kwake yeye katuni ya 1989 ndiyo hadithi, Andersen ndiye aliyekuja kuivuruga. Ile sehemu ya mwisho kabisa, anapochukuliwa na mabinti wa hewa na kupewa miaka 300 ya kutenda mema ili apate roho, hatukuifikia. Taa ilishazimwa.

Kofia Mbili

@Mama Pacha "mzee alikosea" 😂😂 huyo mtoto ana kesi ya kujibu.

Mimi nilikosa zawadi kwenye chemsha bongo. Swali: ni katika kitabu kipi mpelelezi Sherlock Holmes anamwambia mwenzake Watson ile kauli yake maarufu ya kwamba jambo ni jepesi, rafiki yangu mpendwa? Nikataja kitabu kwa kujiamini. Jibu: hakuna. Mwandishi wake, Conan Doyle, hakuiandika hivyo popote, imezaliwa kwenye jukwaa na filamu. Na ile kofia yenye pembe mbele na nyuma imetokana zaidi na mchoraji wa jarida, Sidney Paget. Nikatoka mikono mitupu. Muulizaji mwenyewe alikuwa kaivaa hiyo kofia.

Mpiga Mbizi

Mimi filamu haikunibadilisha mtazamo juu ya kitabu, ilinibadilisha juu ya mnyama. Niliiona "Jaws", ile filamu ya papa mla watu, nikiwa mdogo. Baada ya hapo nilikuwa siingii kwenye bwawa la kuogelea jioni. Bwawa! Lenye vigae! Nilijua fika papa hawezi kutokea kwenye bomba la maji, lakini kile kipande cha muziki kikianza kichwani miguu inajikunja yenyewe.

Kitabu cha Peter Benchley cha 1974 nilikisoma nikiwa mtu mzima, nikakuta papa hana hata nafasi niliyotegemea. Kurasa nyingi ni ndoa ya mkuu wa polisi inayoyumba, mkewe anatoka na yule mtaalamu wa samaki, meya ana madeni kwa wahalifu. Na mwisho papa halipuki. Anakufa kwa majeraha, anazama tu, wakati yule polisi anasubiri kumezwa. Nilikasirika, nikajiona nimeibiwa mlipuko wangu.

Spielberg, mwongozaji wa filamu, alivitoa hivyo vyote akabaki na bahari. Na papa wake wa mashine alikuwa anaharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi asionyeshwe sana. Hofu yetu yote imejengwa juu ya kitu tusichokiona.

Benchley alitumia miaka yake ya baadaye kuwatetea papa. Mimi leo napiga mbizi, nimeshaogelea nao, hawana habari na mimi. Ila kila ninayemfundisha, swali la kwanza ni lile lile, na wengi wanaouliza hawajaiona filamu. Wamerithi hofu tu.

Sioni Tatizo

Wakuu mnalia msiba usio na maiti. Bila filamu, nani kati yenu angekigusa hicho kitabu cha 1818? Viatu vya yule binti Dorothy kwenye kitabu cha watoto cha Oz cha 1900 ni vya fedha. Filamu ya 1939 ilivifanya vyekundu kwa sababu walikuwa na rangi wakataka zionekane. Kuna aliyekufa?

Tena niwaulize hiyo "asili" mnayoililia. Mimi nilimkaripia mpwa wangu kwamba Aladini wa katuni si wa kweli, wa kweli yuko kwenye Alfu Lela Ulela. Nikaenda kutafuta ushahidi wa kumwonyesha. Nikakuta Aladini hayumo kwenye miswada ya zamani ya Kiarabu. Kaingizwa na Mfaransa Antoine Galland, aliyechapisha tafsiri yake kati ya 1704 na 1717, na hadithi alisimuliwa Paris na Msiria kutoka Aleppo, Hanna Diyab. Ali Baba naye vivyo hivyo. Na Aladini mwenyewe kwa Galland anaishi China! Yale maombi matatu hayapo, jini anatumwa hata mara mia.

Nikarudi kwa mpwa wangu mdogo mdogo kama niliyemwagiwa maji.

Mwanafunzi Mkongwe

@Sioni Tatizo umenifungulia jeraha langu.

Mimi nimekua na Hekaya za Abunuwasi. Ile ya sufuria nilikuwa naisimulia mwenyewe: anaazima sufuria, anairudisha na kasufuria kadogo ndani, anasema imezaa, mwenyewe anafurahi anapokea. Akiazima tena hairudishi, anasema imekufa. Mwenyewe anang'aka, sufuria inakufaje? Abunuwasi: uliamini ilizaa, huamini imekufa?

Basi niko darasani ukubwani, somo la fasihi ya Kiarabu. Mhadhiri anasema leo tutamsoma Abu Nuwas. Nikacheka. Kwa sauti. Darasa zima likageuka. Nilidhani tunapumzika kidogo na vichekesho. Mhadhiri akasubiri nimalize, akaanza kusoma shairi la mvinyo, tamu, la mtu mzima, hakuna sufuria wala punda. Kumbe ni mshairi mkubwa wa Baghdad wa karne ya 8 na ya 9, zama za Harun al-Rashid.

Nilimsoma muhula mzima. Nakiri: mpaka leo nikiona beti zake nasubiri mahali atakapomtapeli mtu. Na nikimsimulia mtoto ya sufuria, sasa naona nyuma yake bwana mmoja ameshika bilauri ananitazama. Sijui nani kamwibia mwenzake jina.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada kasema tafsiri nazo zimo, nashukuru. Kwangu ni neno moja la kwenye jalada.

Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lile la Ujamaa. Niliisoma nikiwa kijana na kwangu ilikuwa tamthilia ya unyonyaji, basi. Neno "bepari" lilikuwa limeshahukumiwa kabla pazia halijafunguliwa. Nilipokuja kuwa mwalimu nikawaandaa wanafunzi waiigize. Siku ya kugawa nafasi nikauliza: bepari hapa ni nani? Mikono yote juu, Shylock, yule mkopeshaji!

Kijana mmoja wa nyuma, mbishi, alikuwa na nakala ya Kiingereza. "Mwalimu, huku mfanyabiashara ni mmoja. Tena si Shylock, ni Antonio. Hawa wengine wametoka wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jina la Shakespeare linamtaja mtu mmoja, tajiri wa meli, yule tunayemwonea huruma. Jina la Kiswahili linawafunga wote kamba moja: mwenye meli, mkopeshaji, na hata wale marafiki wanaotumia fedha za wenzao. Shylock anapowatupia usoni kwamba wana watumwa waliowanunua na wanawatumia watakavyo, ukiwa umeshaambiwa wote ni mabepari unalisikia kwa sikio jingine kabisa.

Tuliigiza. Yule mbishi nilimpa Antonio, nikamwambia amcheze kama bepari. Alikataa siku tatu. Siku ya nne aliingia jukwaani anahesabu meli zake kwa vidole, ukumbi ukamzomea kabla hajafungua mdomo. Mpaka leo sijui nilimtendea haki Shakespeare au nilimtendea haki mfasiri.

Fundi Sauti

Nimesoma yote, nimejizuia, nimeshindwa. Mimi niko upande wa pili: mimi ndiye niliyeharibu.

Nilikuwa naandaa michezo ya redio. Nikapewa hadithi fupi ya mwandishi mmoja, jina silitaji. Mzee mjane anakaa dirishani siku nzima, anasubiri barua. Hakuna neno linalosemwa. Kila kitu anakiwaza. Mimi nina dakika 25 na redio haisikii mawazo.

Nikamtungia jirani. Mama mmoja mwenye maneno, anakuja kila mara kuazima sindano, ili mzee apate wa kuzungumza naye. Mwigizaji tuliyempata alikuwa na kipaji cha hatari. Kandambili zake tulizirekodi kwenye sakafu ya saruji, pa, pa, pa, unajua kabisa anakuja. Na akaongeza lake ambalo hata mimi sikuliandika: kila akiingia anasema "Sikai, napita tu," halafu unasikia kiti kinavutwa.

Wasikilizaji wakampenda kuliko mzee. Simu, ujumbe, watu wanasema "sikai, napita tu" mitaani. Kitabu kikaanza kuulizwa madukani. Nilijiona nimefanya jambo.

Mwandishi akanipigia baada ya miezi. Hakuwa na hasira, ndiyo iliyoniumiza. Alisema kuna msomaji kamletea kitabu atie saini, akamwomba aandike "Sikai, napita tu". Akaandika. "Nimetia saini maneno ambayo sikuyaandika," akaniambia. Akanyamaza kidogo, kisha: "Hadithi yangu ilikuwa ya mtu ambaye hakuna anayemtembelea."

Nilikuwa nimeisoma hadithi ile mara kumi, wakuu. Hilo sikuliona.

Mama Pacha

Fundi, hapa nimeweka simu chini kwanza.

Sioni Tatizo

Lakini kitabu kiliuzika, au?

Fundi Sauti

@Sioni Tatizo kiliuzika. Na wengi walikirudia ukurasa kwa ukurasa wakimtafuta jirani.

Kalamu Butu (mleta mada)

Fundi, swali moja, ukiwa na moyo wa kulijibu. Ukipewa zile dakika 25 tena leo, ungefanyaje?

Fundi Sauti

Nimeliwaza sana hilo. Jirani nisingemtoa, kandambili zile nazipenda mno. Ningeziacha zije, pa, pa, pa, zifike mlangoni kwa mzee. Kiti kivutwe ndani, kama vile kuna anayeandaliwa pa kukaa. Halafu ziendelee na safari mpaka zisisikike.