Kunawa mikono Marko 7: ipi Torati, ipi mapokeo ya wazee? Naomba ushauri kabla ya somo

MwalimuWaJumapili

Wakuu, habari za jioni. Nina somo la Marko 7:1–23, pale Mafarisayo wanapolalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa, kwa darasa la watu wazima, saa moja na nusu. Nataka kutenganisha kilichoandikwa katika Torati na kilichokuwa mapokeo ya wazee. Nilipokwama ni hapa:

1. Kuna mstari wa Torati unaomwagiza Myahudi wa kawaida, asiye kuhani, anawe kabla ya kula?
2. Walinawaje hasa? Ningependa kuonyesha kwa jagi na beseni.
3. Kipimo cha maji ya kuzamia mwili mzima ili mtu atakasike kilitoka wapi?
4. Mabalasi ya mawe ya Kana (Yohana 2:6) yanaingiaje humu?

Vifungu na vipimo tafadhali, mahubiri ninayo ya kutosha. Naomba kuwasilisha.

Birika_la_Shaba

Mwalimu, swali la kwanza jibu lake ni fupi: hakuna. Kutoka 30:17–21 inawaagiza Haruni na wanawe wanawe mikono na miguu kwenye birika la shaba kabla ya kuingia hemani au kukaribia madhabahu, wasije wakafa. Hao ni makuhani, na hapo hakuna mlo. Kumbukumbu la Torati 21:6 wazee wa mji wananawa juu ya ndama aliyevunjwa shingo, na huko ni kujitenga na damu ya mtu asiyejulikana muuaji wake.

Mstari pekee wenye mikono ya mtu wa kawaida ni Mambo ya Walawi 15:11. Mwanamume mwenye kutokwa akimgusa mtu kabla hajanawa mikono, aliyeguswa atafua nguo zake, ataoga, na atakuwa najisi hadi jioni. Marabi wa Talmudi (mkusanyo wa mijadala ya walimu wa Kiyahudi) waliutumia kama egemeo la kunawa mikono, lakini wao wenyewe waliihesabu amri hii kuwa ya wazee. Kwa hiyo ukiambiwa darasani kwamba Mafarisayo walidai kunawa kumeandikwa na Musa, kataa. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, naye anaeleza katika Mambo ya Kale kitabu cha 13 kwamba Mafarisayo waliwapa watu kanuni walizopokea kwa baba zao zisizoandikwa katika sheria za Musa, na Masadukayo walizikataa kwa sababu hiyo hiyo. Pande zote mbili zilijua mpaka uko wapi. Ugomvi ulikuwa juu ya uzito wa kile kisichoandikwa.

KataNaJagi

Nichukue swali la pili. Chanzo ni Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya marabi, katika kitabu chake cha Yadayimu, maana yake "mikono".

Kipimo: robo ya logi yatosha mtu mmoja, hata wawili. Nusu logi watu watatu au wanne. Logi nzima watano, kumi, hata mia. Logi ni ujazo wa mayai sita, kwa hiyo robo yake ni yai moja na nusu. Kwa vipimo vya leo wengine wanahesabu mililita 86 na wengine 150. Wewe tumia 150, hakuna atakayekubishia.

Chombo: chochote kinachoshika maji, hata cha mawe, cha udongo usiochomwa au cha samadi. Kiganja kilichokunjwa kama kata hakifai, wala kitako cha mtungi uliovunjika, kwa sababu hicho ni kigae tu, si chombo tena. Kopo la plastiki zima linatosha. Hilo lenye vishikio viwili unaloliona kwenye picha ni desturi ya baadaye.

Maji: yasiwe yamebadilika rangi kwa wino au kitu kingine, wala yasiwe yameshatumika kwa kazi. Yaliyolowekewa mkate yametoka.

Namna ya kumwaga, na hapa ndipo wengi wanakosea:

Mwaga maji ya kwanza hadi kifundo cha mkono. Haya yanautakasa mkono, lakini yenyewe yanashika unajisi wake. Ndiyo maana kuna maji ya pili: kazi yake ni kuyatakasa yale ya kwanza. Sasa angalia. Maji ya kwanza yakiishia kwenye kifundo, na ya pili yakavuka kifundo kisha yakarudi kiganjani, mikono ni safi. Lakini ya kwanza na ya pili yote yakivuka kifundo na kurudi, mikono ni najisi, maana ng'ambo ya kifundo maji ya pili hayana uwezo wa kuyatakasa ya kwanza. Ndiyo sababu Talmudi inataka mtu ainue mikono wakati wa kunawa. Mwanafunzi mmoja ashushe vidole na mwingine aviinue, darasa zima litaona maji yanaelekea wapi.

Makosa mengine mawili. Umenawisha mkono mmoja tu, ukausugua na wa pili ambao haujamwagiwa: umeunajisi tena. Na kibanzi au kokoto ikikutwa kiganjani baada ya maji ya kwanza, maji ya pili hayatasaidia, kwa kuwa yanatakasa maji yaliyo mkononi na si kitu kingine. Pete na unga uliokaukia kwenye kucha vina shida inayofanana, vinazuia maji yasifike.

Neno la Kigiriki la Marko 7:3 ni *pugme*, ngumi. Wengine wanasoma "kwa mkono uliokunjwa", wengine "hadi kifundo", wengine "kwa maji ya konzi moja". Nakala ya Sinai, hati ya kale ya Biblia ya Kigiriki, yenyewe ina *pukna*, "mara nyingi". Usijenge somo zima juu ya neno hilo.

HakunaMapokeo

Sasa si mmethibitisha wenyewe? Mayai, kifundo, kokoto. Musa alisema haya wapi? Torati inasema "ataoga kwa maji", basi. Mengine ni mizigo ya wanadamu.

Birika_la_Shaba

Mkuu, ishike Torati peke yake uende nayo kisimani uone. Walawi 15:19 mwanamke aliye katika siku zake ni najisi siku saba. Anayemgusa hadi jioni, anayegusa kitanda chake atafua na kuoga. Je, mwanamke mwenyewe anaoga siku ya saba? Soma hadi mstari wa 24: hakuna neno. Waliosema lazima aoge wameokota kutoka mistari jirani. Hata Masadukayo hawakuweza kuishi na sura hiyo bila kuijaza.

Au tuje kwenye swali la tatu. Walawi 15:16 inasema mwili wote uoshwe majini, haisemi maji kiasi gani. Walawi 11:36 inasema chemchemi na birika lenye mkusanyiko wa maji ni safi. Wazee wakaunganisha: lazima maji yamfunike mtu mzima kwa mara moja, na lazima yawe yamekusanyika yenyewe. Mtu wakamkadiria dhiraa 1 kwa 1 kwa 3, ikatoka sea 40. Sea ni logi 24, kwa hiyo ni logi 960. Kwa hesabu ndogo ni lita 332, kwa kubwa ni 573. Yaani pipa la lita 200, moja na theluthi mbili, hadi karibu matatu.

Ila pipa lenyewe usilitaje kama mfano wa kuzamia. Maji yaliyo ndani ya chombo ni ya kutekwa, hata yakiwa elfu. Bwawa linachimbwa ardhini na linajazwa na mvua au chemchemi. Likiwa bado halijafika sea 40 na mtu akamwagia logi tatu za maji ya kutekwa, kama lita moja au mbili hivi, limeharibika lote. Mvua imeleta lita 300, mtu kaona amalizie kwa ndoo: amekwisha. Zikishatimia 40, hata ndoo mia ongeza, haidhuru.

Na hizo logi tatu zina historia tamu. Mishna, kitabu cha Eduyoti, inasema mwalimu Hileli alitaja hini nzima (logi 12), mwenzake Shamai akataja kabi tisa (logi 36), na wenye hekima hawakumfuata hata mmoja. Wakaja wafumaji wawili kutoka Lango la Jaa la Yerusalemu, wakashuhudia kipimo walichosikia kwa Shemaya na Abtalyoni, walimu wa kizazi kilichotangulia, logi tatu, na ushahidi wao ndio uliosimama. Wafumaji, watu wa kazi isiyopewa heshima, wakaamua sheria mbele ya vigogo wawili. Hapo ndipo unaona neno "mapokeo" linamaanisha nini: nani alisikia nini kwa nani.

KisimaChaMvua

Kwa sisi wa pwani hili si geni. Fiqhi ya Shafii ina kulateni, kama lita 200: maji yaliyofika hapo hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Ila tusichanganye. Kulateni inauliza maji yananajisika lini, sea 40 inauliza maji yanatakasa lini. Na udhu unaruhusu ndoo na bomba, mikve, yaani bwawa hilo la kuzamia la Kiyahudi, hairuhusu. Mwalimu, kama darasani kuna waliokulia Unguja au Lamu, anza na tofauti hiyo, utaokoa nusu saa.

Pango_la_Nne

HakunaMapokeo, kuna watu waliodhani wameshika maandiko bila mapokeo, na maandishi yao tunayo. Hati ya Dameski, iliyookotwa pia kwenye mapango ya Qumrani karibu na Bahari ya Chumvi, inakataza kuoga kwenye maji machafu au yasiyotosha kumfunika mtu. Sea 40 hawataji, lakini "kumfunika mtu" ni tafsiri vilevile, haimo katika Walawi.

Bora zaidi ni barua ya sheria ya pango la nne, iitwayo 4QMMT, iliyochapishwa rasmi 1994. Inabishania mkondo: ukimimina kutoka chombo safi kwenda chombo najisi, je, unajisi unapanda na mkondo hadi juu? Wao wanasema unapanda. Ukifungua Mishna Yadayimu 4:7, Masadukayo wanawalaumu Mafarisayo kwa jambo hilo hilo, kwamba wanauhesabu mkondo kuwa safi. Mafarisayo wanajibu: na ninyi mnausafisha mfereji unaotoka makaburini. Mishna iliandikwa kama mwaka 200, barua ni ya kabla ya Kristo. Kwa hiyo si kila kitu cha Mishna ni cha baadaye, ingawa kila kipimo kinahitaji kupimwa peke yake. Robo ya logi siwezi kukuapia kwamba ndiyo iliyotumika mezani Galilaya mwaka 30.

Kuhusu mawe: Walawi 11:32–33 inataja mti, nguo, ngozi, gunia na udongo. Hesabu 31 inaongeza madini. Jiwe halimo. Wazee wakasema lisilotajwa halishiki unajisi. Chungu cha udongo kikinajisika ni cha kuvunjwa, cha jiwe kinaendelea. Ndiyo maana tangu zama za Herode vyombo vya jiwe laini la chokaa vinajaa Yerusalemu na Galilaya. Karakana zao zimechimbuliwa Hizma karibu na Yerusalemu na Reina karibu na Nazareti, si mbali na Kana. Mabalasi ya Yohana 2:6, nzio mbili au tatu kila moja, ni karibu lita 80 hadi 120. Hazina ya maji hiyo, watu wanateka humo wananawa. Hakuna anayezamia ndani ya balasi.

KataNaJagi

Niongeze la Marko 7:15, maana ndipo somo lako litakapoishia. Kwa ngazi za unajisi za Mishna, ambamo kila ngazi ni dhaifu kuliko iliyotangulia, mikono isiyonawa ni najisi ya daraja la pili. Daraja la pili haliharibu chakula kikavu cha kawaida, linaharibu sadaka ya kuinuliwa ya makuhani. Lakini likigusa kimiminika, kimiminika kinapanda kuwa daraja la kwanza, na hicho sasa kinanajisi chakula. Mkono mkavu na mkate mkavu, hakuna tatizo. Mkono umelowa, au mkate umechovywa kwenye mafuta, tatizo limeanza. Kitabu cha Mishna kiitwacho Para kina kitendawili chake: chakula kinakiambia kimiminika, "aliyekunajisi wewe hakuninajisi mimi, ila wewe umeninajisi."

Sasa Torati yenyewe haina wazo kwamba mkate ulioguswa hivyo unamnajisi mlaji. Chakula kinachomnajisi mlaji katika Torati ni nyamafu, Walawi 17:15. Kwa hiyo "kimwingiacho mtu hakimtii unajisi" inaweza kusomwa kama hoja ya mtu anayerudi kwenye ngazi za Musa, hata kabla hujafika kwenye maneno ya moyo. Si lazima uikubali, lakini waonyeshe kwamba ipo.

Na usitafsiri najisi kuwa dhambi wala uchafu. Kumzika mzazi ni wajibu, na kunanajisi siku saba.

MwalimuWaJumapili

Asanteni sana wakuu, nimepata kuliko nilivyoomba. Jagi, beseni na mayai mawili ya kipimo nimeshaandika. La mwisho: nimesikia Wayahudi wakinawa husema baraka kwamba Mungu "ametuamuru" kunawa. Kama si Torati, amewaamuru wapi?

Birika_la_Shaba

Talmudi inauliza swali hilo hilo kuhusu taa za Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi isiyomo katika Torati: ametuamuru wapi? Jibu moja ni Kumbukumbu la Torati 17:11, usigeuke kulia wala kushoto ukaacha neno watakalokuambia waamuzi. Yaani amri iliyoandikwa ni kuwasikiliza, na kunawa kunaingia kwa mlango huo. Jibu la pili ni 32:7, muulize baba yako naye atakuonyesha. Wakaraimu, Wayahudi wasioipokea Mishna, hawakubali hoja hiyo. Na anayetilia shaka kunawa alikuwa na gharama yake: Eduyoti 5:6 inamtaja Elazari mwana wa Hanoki, aliyetengwa na wenzake kwa sababu alibisha juu ya utakaso wa mikono. Alipokufa, mahakama ilituma jiwe likawekwa juu ya jeneza lake.

Mayai chukua ya kuku wa kienyeji, ya kisasa ni makubwa mno.