Majengo ya kale Kampala: nimpeleke wapi baba mwenye magoti mabovu?

Binti wa Mwashi:
Shikamooni wakubwa. Baba anakuja kutoka Mwanza, nina Jumamosi moja tu ya kumtembeza. Alikuwa mwashi, na mpaka leo hapiti ukuta wa zamani bila kuugusa. Magoti hayampi nafasi. Nafikiria kumpandisha mnara wa msikiti wa Old Kampala. Mnasemaje?

Abuu wa Kibuli:
Mpeleke, dada. Vidato mia tatu hivi, lakini ukifika juu mji wote uko chini yako: vilima vya Namirembe, Rubaga, Mengo, Makerere. Apumzike njiani.

Fundi Mzee, Mengo:
Dada, mimi pia ni mwashi, na magoti yangu nayo yamechoka. Usimpandishe huko. Atashuka kwa maumivu, na siku itakuwa imeisha. Msikiti autazame kutoka uwanjani, na umweleze habari zake: kazi ilianza 1972 wakati wa Amin, ikakwama miaka mingi, Libya wakaimalizia, na Machi 2008 Gaddafi mwenyewe akaja kuufungua. Kilima hichohicho ndiko Lugard, yule kapteni Mwingereza, alikojenga ngome yake Desemba 1890.

Nguvu zake zote azimalizie Namirembe, kwenye kanisa kuu la Waanglikana. Chukueni gari hadi juu kabisa. Pale makanisa yalianguka moja baada ya jingine. Mwaka 1894 moja liliharibiwa na upepo. Lililofuata halikudumu kwa sababu ya mchwa. Lililofuata hilo lilikuwa na kuta za matofali lakini paa la nyasi, na radi ya Septemba 1910 ikaliteketeza. Ndiyo maana hili la sasa, lililojengwa 1915 hadi 1919, lina vigae vya udongo juu. Mwashi atakuelewa bila maneno mengi. Aguse matofali, atazame kuba, kisha aende nje kwenye kaburi la Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885.

Sasa nikueleze linaloniuma. Kuna jengo la zamani mjini, niliitwa kukarabati ngazi zake za nje. Vidato vya matofali, katikati vimelika kwa nyayo za miaka mingi, vimekuwa kama bakuli. Mwenye nyumba akataka nivipige plasta ya saruji, kisha taili za kung'aa. Nilimwomba asifanye hivyo. Tofali la kale ni laini, linapumua. Ukilifunika kwa saruji ngumu, maji yanabaki ndani na uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Dawa yake ni chokaa na mchanga, na kubadilisha tofali lililokufa tu. Na taili hiyo, mvua ikinyesha, mtu anateleza na kuvunjika kiuno. Alimpata fundi mwingine. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Mkishuka Namirembe, piteni Bulange, jengo la bunge la Buganda, kisha ile njia ya Kabaka Anjagala hadi lango la Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Kwenye mzunguko wa barabara kuna lango katikati: Kabaka peke yake hupita moja kwa moja, sisi wengine tunazunguka.

Mama Zubeda:
Fundi, umesahau zile nyumba za Wahindi kule chini ya msikiti! Baraza za mbele, na nyingine zina mwaka umeandikwa juu ya paji la nyumba. Hakuna kupanda kokote.

Fundi Mzee, Mengo:
Kweli kabisa, mama. Aanzie hapo asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Binti wa Mwashi:
Tumerudi. Namirembe alikaa saa nzima, mkono ukutani. Lakini nilichoka kumngoja kwenye baraza moja Old Kampala. Aliketi kwenye kidato cha pili, akakipima kwa shubiri yake, kwenda juu na kwenda ndani, akaniambia: "Huyu aliyejenga hapa aliwafikiria wazee." Kisha akaomba maji, akahamia kidato cha kwanza akakipima nacho.