Paa la kuficha linavuja palepale kila mvua, silikoni imeshindwa. Naombeni ushauri

Mkazi wa Iyumbu: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya paa la kuficha (bati zimejificha nyuma ya ukuta) hapa Iyumbu, Dodoma, nilihamia mwezi wa nane. Kiangazi chote raha tupu. Mvua ya kwanza ya Desemba, jipsamu ya sebuleni ikachoreka ramani. Bati ni geji 28 migongo mipana. Urefu wa paa mita 8, na mshuko wote ni sentimita 40 tu. Bati zimeungwa katikati, fundi alidai ndefu hazikupatikana. Nimepaka silikoni kila kichwa cha msumari, chupa 12. Juzi ikavuja vilevile. Fundi aliyepaua hapokei simu.

Kibajaji: Pole mkuu. Dodoma mwaka mzima tunalilia mvua, ikija tunaikimbia na ndoo 😂 Mwaga lami juu yote, kazi iishe.

Fundi Papi: Asimwage lami. Kwa jua hili itapasuka, halafu hata tundu hutaliona tena. Mkuu, mshuko wako ni sentimita 5 kwa kila mita, kama nyuzi 3 hivi. Hapo maji hayakimbii, yanatambaa, na upepo ukiyasukuma yanarudi nyuma mpaka kwenye maungio. Bati la juu limelalia la chini kwa kiasi gani?

Mkazi wa Iyumbu: Nimepanda alfajiri kabla bati halijapata moto. Sentimita 12. Katikati hakuna kitu, vumbi tu.

Fundi Papi: Ugonjwa ndio huo. Kwa mlalo kama wako ningelaza 30, tena na kizibo katikati. Sasa bati halirefuki, kwa hiyo ng'oa misumari ya kwenye maungio, inua bati, futa vumbi mpaka kitambaa kitoke cheupe (hapa ndipo wengi wanaharibu), bandika tepu ya butili (mpira laini unaonata) mistari miwili ikifuata kila mgongo na kila bonde, kisha funga kwa skrubu zenye vipira, nene kuliko tundu la zamani. Misumari usirudishie. Bati la mita 4 likitoka baridi ya usiku kwenda jua la mchana linatanuka karibu milimita 2, likipoa linarudi, kila siku. Msumari utalegea tu. Na silikoni inayonuka siki inakula bati, bandua yote. Ukipata hela baadaye, ezua, uinue papi (mbao zinazobeba bati) za upande wa juu, mshuko uongezeke.

Mama Zabibu: Mwanangu, kabla hujagusa bati angalia gata, ule mfereji wa maji ya paa. Langu lilinitesa misimu miwili, mafundi wanne wamekula hela, kumbe bomba la kutolea maji limezibwa na majani ya mwarobaini na kandambili ya mjukuu. Gata likijaa, maji yanaingia kwa chini ya bati.

Fundi Papi: Shikamoo mama, umenena. Baada ya gata, tafuta panapovuja: mwagia bati maji kwa mpira ukianzia chini, panda taratibu, mtu mmoja awe darini na tochi.

Mkazi wa Iyumbu: Nimerudi. Asante mama, gata lilikuwa na tope la kujaza karai ila maji yalikuwa yanapita. Mpira ulipofika kwenye maungio, dogo akapiga kelele darini. Tone linaingia mita moja na nusu kutoka kwenye ramani, linatembea juu ya papi ndipo linadondoka. Mimi nilikuwa naziba juu ya ramani! Butili sijaipata madukani hapa, nimeagiza Dar. Kibajaji, ndoo zako bado nazihitaji.