Neno "why" la Kiingereza: lilitoka wapi, na je, ni sawa kabisa na "kwa nini"?

Mwalimu_Zamu aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tatu alinitia kwenye kona ambayo nilitoka kwa kusema tu kwamba tutalitazama jambo hilo siku nyingine. Aliuliza hivi: ikiwa "what", "who", "when", "where" na "why" yote yanaanza kwa "wh", je, ni ndugu wa tumbo moja, na kama ni ndugu, mbona "how" limejitenga? Nikiwa bado natafuta pa kushika, mwenzake akaleta swali la pili. Alikuwa akisoma tamthilia ya Julius Caesar, akafika pale Cassius anapomwambia Brutus "Why, man", kisha akafasiri "Kwa nini, bwana". Nilijua kuwa amekosea, lakini sikuweza kumweleza amekosea wapi.

Naomba mwenye ujuzi anieleze asili ya neno hili, na pia anisaidie kujua ni lini tulifasiri kwa "kwa nini" na ni lini kwa "mbona".

Mzee_wa_Nahau alijibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako wa kwanza ameuliza vizuri kuliko anavyojua. Maneno yale ni ndugu kweli, ila "why" na "what" wana undugu wa karibu zaidi, kwa sababu hapo mwanzo "why" halikuwa neno linalojitegemea bali lilikuwa umbo mojawapo la "what".

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, maneno yalibadilisha maumbo yake kulingana na kazi yake katika sentensi. Neno la kuulizia mtu lilikuwa "hwā", na la kuulizia kitu lilikuwa "hwæt". Ukitaka kuuliza "ya nani" ulisema "hwæs", ambalo leo ni "whose". Ukitaka "kwa nani" ulisema "hwǣm", nalo ndilo "whom". Lilikuwapo pia umbo la ala, lililotumika pale ambapo sisi tungetumia "kwa" ya "kakata kwa kisu" au "kaja kwa miguu". Umbo la ala la "hwæt" lilikuwa "hwȳ", au "hwī", na maana yake ilikuwa "kwa kitu gani", "kwa nini". Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anayesema "kwa nini" anaunganisha waziwazi vipande vilevile ambavyo Mwingereza wa zamani alivifunga ndani ya silabi moja, na Mwingereza wa leo anavitamka bila kujua kuwa vimo.

Umbo hilo la ala lina ndugu mwingine aliyejificha. Katika usemi "the sooner the better", yaani kadiri inavyokuwa mapema ndivyo bora, hiyo "the" haikutokana na ile ya kawaida tunayowafundisha watoto. Ni mabaki ya "þȳ" (þ ni herufi ya zamani ya sauti ya "th"), umbo la ala la neno lililomaanisha "hicho" au "hiyo". Nimewahi kuona walimu wazoefu wakihangaika kuueleza usemi huo kwa kanuni za "the" ya kawaida, na haiwezekani.

Kuhusu tahajia: herufi zilikuwa "hw", na ndivyo neno lilivyotamkwa, pumzi ya "h" ikitangulia. Baada ya Wanormani kuingia, waandishi wa nakala wakazigeuza kuwa "wh". Waingereza wengi wameiacha ile pumzi, ingawa bado utaisikia kwa baadhi ya watu wa Scotland na Ireland. Irabu nayo ilihama. Hapo zamani ilitamkwa "ii" ndefu, kisha katika mageuzi makubwa ya irabu yaliyotokea hasa kati ya karne ya 15 na ya 17 ikawa "ai", kama ilivyokuwa kwa "time" na "mine".

Sasa "how". Huyu hakujitenga, aliporwa. Ni wa ukoo uleule, lakini sauti ya "w" ilimezwa mapema sana na irabu ya "u" iliyoifuata, likabaki "hū", hivyo waandishi hawakuwa na "w" ya kuandika. "Who" lilipatwa na mkasa huohuo baadaye, wakati tahajia ilikuwa imeshakaa, ndiyo maana "w" yake tunaiandika bila kuitamka.

Ukirudi nyuma zaidi, sauti hiyo ya "hw" ni ileile ya "qu" katika Kilatini, kama "quis" na "quid". Jacob Grimm, yuleyule wa ngano za Kijerumani, ndiye aliyeipanga kanuni ya mabadiliko hayo ya sauti mwaka 1822.

Binti_Kamusi alijibu:

Nakubaliana na Mzee, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu neno linalojibu swali la "why", maana "because" ina kisa cha kupendeza kuliko "why" yenyewe. Neno hilo ni maneno mawili yaliyoshikana: "by", yaani kwa, na "cause", yaani sababu. Waingereza walilipata "cause" kutoka Kifaransa, nasi tukalipata "sababu" kutoka Kiarabu. Lugha mbili zisizo na ukoo mmoja zimeazima jina la sababu kwa majirani zao, kisha kila moja ikatanguliza "kwa" yake.

Kushikana huko ni jambo la kawaida. "Pourquoi" ya Kifaransa ni "pour" na "quoi". Kiingereza nacho kilikuwa na "wherefore", ambalo watu wengi hudhani linauliza mahali kwa sababu ya "where" iliyomo, hata Juliet wa tamthilia ya Romeo and Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo" wakadhani anamtafuta kijana yuko wapi. Anachouliza ni kwa nini awe Romeo, mwana wa ukoo wa mahasimu wao. Vijana wanaoandika "kwanini" kama neno moja tunawasahihisha, na ni lazima tuwasahihishe maadamu kamusi zinatenganisha, lakini naona wanapita njia iliyokwisha kupitwa na wengi.

Dereva_wa_Lugha alijibu:

Mimi si mwanaisimu. Niliwahi kufanya kazi miaka kadhaa chini ya msimamizi Mwingereza, na nitachangia kwa kile kilichonitoa jasho. Siku yangu ya kwanza aliniita ofisini, nikasimama mbele ya meza yake kwa adabu, akasema, "Why don't you sit down?" Nikasikia "Kwa nini hukai?" Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza kuwa sikuwa nimekaribishwa. Alishangaa, kwa maana ndiyo kwanza alikuwa akinikaribisha. Maneno hayo yana sura ya swali, lakini kazi yake ni kushauri au kukaribisha, na kwa Kiswahili yanafasirika kwa "Karibu ukae" au "Si ukae tu".

Kinyume chake nacho kipo. "Why did you not come?" ikisemwa bila kulainishwa ina ukali, sawa na "Kwa nini hukuja?" akiambiwa mtu mzima. Kwetu mtu angeanza na "Kulikoni jana, hatukukuona?" ili mwenzake apate nafasi ya kujieleza bila kushtakiwa.

Kuhusu "mbona", naona inakaribiana zaidi na "how come" kuliko na "why". Anayesema "mbona umechelewa" hatafuti sababu tu. Anaonyesha kwamba jambo limekwenda kinyume na alivyotarajia. Hata muundo unafanana, kwa kuwa "how come you are late" haigeuzi mpangilio wa maneno kama "why are you late" inavyofanya, na "mbona" nayo hukaa mbele ya kauli ambayo ungeiondolea "mbona" ikabaki imekamilika.

Mwalimu_Zamu aliandika:

Ahsanteni sana, hasa Mzee kwa ile "the sooner the better", ambayo imenisumbua tangu chuoni. Bado nina mawili. Cassius tumfasiri vipi? Na kuna kosa ambalo wanafunzi wangu hawaliachi: "I don't know why did he leave."

Mzee_wa_Nahau alijibu:

Cassius haulizi. Tangu karne ya 16 "why" imetumika pia kama kihisishi cha kufungulia usemi, kuonyesha mshangao, au kukosa subira kidogo na mtu anayeuliza jambo lililo wazi. Brutus amesikia kelele za umati na kuhisi kwamba Caesar anarundikiwa heshima mpya, naye Cassius anamjibu kama mtu asemaye "Ala! Bwana wee, huyu amewapanda watu kichwani." Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia hiyo mwaka 1963, alikabiliana na vihisishi vya namna hii ukurasa baada ya ukurasa. Mwanafunzi wako achague kati ya "ala", "ah" na "kumbe" kwa kusikiliza hasira au mshangao wa msemaji. "Mbona" inaweza kufaa mahali pengine, lakini si hapo, kwa sababu Cassius hana malalamiko dhidi ya Brutus.

Kosa la pili linaeleweka, kwani Kiswahili hakimwandai mtoto kuliona. Sisi husema "Kwa nini aliondoka?" na "Sijui kwa nini aliondoka", na maneno hayabadiliki hata kidogo. Kiingereza hugeuza mpangilio pale tu swali linapoulizwa kweli, likishamezwa na "I don't know", "tell me" au "she asked", hurudi kuwa kauli ya kawaida: "I don't know why he left." Waulize wanafunzi swali moja tu: je, sentensi hii nzima inamtaka mtu ajibu? Kama haimtaki, "did" haina kazi hapo. Nawe uwe tayari, kwa maana atatokea mmoja atakayekuuliza kuhusu "Do you know why he left?", ambayo inamtaka mtu ajibu lakini "why" yake haigeuzi kitu. Mwambie kwamba kinachoulizwa pale ni kujua, si kuondoka, na ndiyo maana kilichogeuzwa ni "do you know" peke yake.