Nyumba ya zamani Tanga: nibadilishe DB tu au nifumue waya zote?

MwanaChumbageni
Wakuu, salaam. Nina nyumba aliyoiacha marehemu mzee hapa Tanga, ya miaka ya sitini. Umeme wake ni ule ule wa enzi hizo: meni swichi ya chuma na fyuzi za kauri zile za kufunga uzi. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anasema tutoe meni swichi, tuweke DB ya kisasa, yaani boksi la kugawia umeme lenye sakiti breka (swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi), laki sita pamoja na vifaa, kazi ya siku moja. Wa pili anataka kufumua waya zote na kuchimba ukuta, milioni mbili na laki nane. Mke wangu hataki kusikia habari ya kuchimba ukuta, rangi tumepiga juzi tu. Nimchukue yupi? Ijumaa natakiwa nitoe advansi.

Fundi Waya Tatu
Mkuu, umetupigia simu kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa, nipe dawa". Waya zina ganda la plastiki au la mpira? Soketi zina erthi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini? Vyumba vingapi? Unataka kuendesha nini humo ndani?

Kobe Mzee
DB tu. Mimi Ngamiani nina waya za 1967, zile za vipimo vya inchi, 3/029 na 7/029, shaba tupu. Hazijanisumbua. Fyuzi ikikatika nafunga uzi wa waya wa kawaida na haikatiki tena. Mafundi wa leo wakiona nyumba ya zamani wanaona shamba limeiva.

Fundi Waya Tatu
Shikamoo mzee. "Haikatiki tena" ndiyo tatizo lenyewe. Fyuzi kazi yake ni kukatika kabla waya haujapata moto ukutani. Ukifunga uzi mnene, kitakachoungua kwanza ni nyumba.
Na kweli shaba haizeeki. Kinachozeeka ni ganda. Kabla ya PVC kuenea, waya zilivikwa mpira na juu yake kitambaa. Mpira huo ukikaa miaka chini ya bati la Tanga unakauka na kumomonyoka. MwanaChumbageni, zima meni, fungua swichi moja, utikise waya kidogo, utuletee jibu.

MwanaChumbageni
Nimefungua ya sebuleni. Waya mwekundu na mweusi, juu kitambaa, na vipande vyeusi vimedondoka sakafuni. Soketi ni za matundu ya duara, nyingine matatu, nyingine mawili. Vyumba vinne. Halafu sikusema, tunataka kupangisha wageni, kwa hiyo kutakuwa na AC mbili na hita ya maji.

Bi Raskazone
Mwanangu, hilo la wageni na hita ungelianza nalo! Nikueleze yaliyotupata sisi.
Nyumba yetu nayo ya zamani, na erthi yake ilikuwa imefungwa kwenye bomba la maji. Wakati ule bomba lilikuwa la chuma toka barabarani mpaka jikoni, limelala ardhini, erthi nzuri tu. Miaka ikaenda, mabomba ya nje yakabadilishwa, wakaweka ya plastiki. Hakuna aliyefikiria umeme. Maji yanatoka, tukashukuru. Baada ya hapo tukafunga hita. Siku moja elementi ya hita ikapasuka, umeme ukaingia kwenye tangi, na kwa kuwa erthi haina tena pa kwenda, ukasambaa kwenye kila chuma kilichofungwa nayo: bomba la bafuni, friji, jiko. Mama mkwe alikwenda kutia udhu, akashika koki, akarushwa. Tulimkuta chini. Alhamdulillah alipona, ila mkono ulikaa muda mrefu hauna nguvu. Breka zilikuwepo mpya kabisa, na hata moja haikushuka! Fundi akasimama pale anatuambia "lakini DB ni ya kisasa".
Kwa hiyo anayekuuzia DB tu, muulize kwanza erthi inaishia wapi.

Injinia Mtaani
Bi mkubwa pole sana. Breka haikushuka kwa sababu inaangalia wingi wa umeme, haiangalii mtu. Hata ukiwa na chuma cha erthi ardhini, kwenye mchanga mkavu ukinzani wa omu 50 ni kitu cha kawaida. Volti 230 gawanya kwa 50 unapata ampia 4.6. Breka ya ampia 32 itasubiri mpaka kiama. Kinachookoa mtu ni RCD ya miliampia 30, inayolinganisha umeme unaoingia na unaorudi, ukipishana inakata.
Ila usije ukafunga RCD kwenye waya zinazomomonyoka. Itashuka kila mvua ikinyesha, na mwisho fundi "atakusaidia" kwa kuiruka. Mwambie aje na mega, kile kipimo cha ganda la waya, apime kwa volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1 hakuna mjadala, waya zitoke.

Kobe Mzee
Hizo RCD mwanangu alinifungia, ikashuka usiku, samaki wote wakaoza. Sitaki kuiona.

Injinia Mtaani
Mzee, friji hupewa RCD yake peke yake. Na pengine ilikuwa inakwambia kitu.

Mombasa Raha
Achaneni na hita ya tangi, huku kwetu tunafunga shawa ya umeme, maji moto papo hapo.

Fundi Waya Tatu
Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24. Umefunga kwa waya gani?

Mombasa Raha
Wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa soketi. Mwaka wa pili huu, hakuna shida.

Fundi Waya Tatu
Shika ukuta ulipopita huo waya wakati mtu anaoga, halafu urudi hapa. Weka wa milimita 6 za mraba na breka yake peke yake.

Mombasa Raha
Fundi wangu ana leseni ya EPRA, wadhibiti wa nishati wa Kenya, ndugu. Wewe una ya EWURA ya huko kwenu Tanzania au ya mdomo?

Dalili Njema
Jamani tumetoka kwenye mada. Kuna njia ya tatu haijasemwa: waya mpya zipite kwenye mifereji ya plastiki juu ya ukuta, za zamani zikatwe pande zote mbili na kuachwa humo humo. Rangi inabaki. Si nzuri machoni, lakini pembeni ya dari huioni sana.

Bi Raskazone
Wageni wanaolipa wanaangalia.

Fundi Waya Tatu
Vyovyote, waya nunua mwenyewe. 2.5 halali ya nyuzi saba, kila uzi ni milimita 0.67. Nenda dukani na kipimo, kwangua uzi mmoja uone kama ndani ni nyeupe. Ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe.

MwanaChumbageni
Nimempigia wa laki sita kuhusu mega, ananiuliza ni kampuni gani. Wa pili anayo ila amepandisha, sasa anasema milioni tatu na nusu kwa sababu ya AC. Mke bado yuko kwenye rangi.

Kobe Mzee
Nilikwambia.

Dalili Njema
Muulize bei ya mifereji.

Pangani Road
Samahani kuingilia. Hizo swichi nyeusi za duara za zamani, ukizitoa usitupe, nazitafuta. Zipo ngapi?